Kikombe cha Kyungu

Kosa langu lilikuwa kifurushi. Nilikitoa ndani ya sanduku asubuhi ya safari, mke wangu alipokuwa uani ananawa uso. Nikakisukuma chini ya kitanda, nikafunga sanduku, nikauvaa ufunguo shingoni. Sikumwambia. Kisa hiki nimekiandika mara sita, na mara tano nilianza na mto na ukungu, ili kosa langu lije mwishoni likiwa limepoa. Safari hii naliweka mbele.

Mambo haya yametukia. Sikuyapata kwa mtu, wala sikuyaota. Mimi ni karani wa mashine ya kuandika katika duka moja la jumla hapa Elisabethville, na kazi hiyo sikufundishwa na mtu. Nilichora herufi zote za mashine juu ya kipande cha katoni, kila moja mahali pake, nikagongagonga vidole juu ya katoni hiyo kila jioni kwa miezi minane, majirani wakiniuliza nawasiliana na nani. Ukurasa wenye kosa moja naurarua wote. Usiku naamka kukumbuka kama niliweka nukta. Mtu wa namna hiyo, akikuambia alimwona mwanamke fulani, mahali fulani, amevaa nguo fulani, unaweza kumwamini. Mimi sioni vitu ovyo.

Mke wangu anaitwa Kabange. Sisi Waluba tukisikia jina hilo tumekwisha kujua: huyu ni pacha, na ni wa pili. Wa kwanza huitwa Kyungu. Kyungu wake hakufikisha hata mwaka mmoja, lakini kwao hawasemi kwamba alikufa. Mama mkwe wangu alikuwa akiulizwa, "Na ule mukubwa iko wapi?" anajibu, "Alienda kuchota maji." Siku ya harusi yetu alinishika mkono mbele ya watu akasema, "Baba, minakupa babili. Usisahau, babili." Wawili, yaani. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikacheka, nikidhani ni utani wa wakwe.

Haukuwa utani. Kabange alikuja na kifurushi cha kitambaa cheupe. Ndani mlikuwa na kikombe kidogo cha bati, cha buluu, na vipande vya nguo. Kila Kabange aliposhona gauni, fundi alikata kipande cha kitambaa kilekile, kikaingia humo. Kila tulipokula, kidogo kiliwekwa pembeni. Mama yake alipofariki, Kabange akaendelea peke yake, bila kelele. Mimi nilimwacha, lakini moyoni nilikuwa naona haya. Unajua siku hizi tunavyoangaliwa. Nilikuwa naomba ile kadi wanayopewa Waafrika waliohesabiwa kuwa wastaarabu, na kabla ya kukupa, wanakuja kukagua nyumba: mnakula kwa uma? Mna mashuka? Nilikuwa nawaza, wakifungua kile kifurushi nitasema nini?

Sasa, safari yenyewe. Katika dirisha la ofisi moja mjini palikuwa na picha kubwa ya Mzungu na mke wake wamekaa juu ya meli, kila mtu na kiti chake cha kukunja, mbele yao maji tu. Nilipita pale kila siku kwa mwaka mzima. Nikajiapiza kwamba likizo yangu ya kwanza nitampeleka Kabange kwenye maji, namna ile ile. Treni mpaka Bukama, halafu meli ya mto Lualaba mpaka Kabalo alikozaliwa, na kurudi. Si kwa kilio, si kwa uhamisho wa kazi. Kutembea tu.

Mtaani walinicheka vizuri.

"Karani, munaenda kilio ya nani?"

"Hapana kilio. Tunaenda kutembea."

"Kutembea? Ku treni na ku bato, siku zote zile, juu ya kutembea? Miguu yako iko na maradhi gani?"

Papa Saidi, fundi cherehani mwenye asili ya Kasongo, ndiye aliyemshonea Kabange gauni la safari. Nilinunua kitambaa mwenyewe, cha buluu chenye mbayuwayu weupe, nikapima mara tatu kisizidi wala kisipungue. Papa Saidi alikigeuza mezani, akanitazama juu ya miwani.

"Na ya mukubwa wake?"

"Mukubwa gani, papa?"

"Karani, usinifanye mutoto. Mimi ni Mwislamu, hii si desturi yangu. Lakini miaka mbili minamushonea mama huyu, kila mara tunakata na ya mukubwa. Hapa haitatosha."

"Shona ya mutu mumoja," nikamwambia. "Mwenye kusafiri ni mumoja."

Alishona, na kazi ilikuwa safi, lakini siku ya kuchukua hakunitania, naye ni mtu anayemtania hata padri.

Nilichapa kila kitu. Hati ya ruhusa ya safari niliichapa mwenyewe ofisini, mkubwa wangu akaitia sahihi, serikali ikagonga muhuri: mwanaume mmoja, mke wake mmoja, Elisabethville mpaka Kabalo na kurudi. Haikuwa na kosa hata moja. Niliishika kwa ncha za vidole kama picha ambayo haijakauka. Nikachapa na orodha ya vitu vya sandukuni, namba moja mpaka ishirini na mbili. Namba tisa, vikombe viwili vipya. Kifurushi hakikuwamo kwenye orodha. Asubuhi ile, kilipokuwa ndani, kifuniko cha sanduku kilibaki juu upande mmoja. Nilikitoa kwa sababu ya kadi, na kwa sababu ya kile kifuniko. Ndiyo, kifuniko. Nimesema sitaficha.

Bukama tulipanda. Meli yenyewe ilikuwa ya Wazungu, vyumba na viti kama kwenye picha. Sisi tulikuwa kwenye tishali la mizigo lililofungwa ubavuni mwake, pamoja na magunia ya chumvi, samaki wakavu, mbuzi na watu kama sitini. Nilitandika mkeka, halafu nikafungua viti viwili vya kukunja nilivyoviazima mjini, nikaviweka mbele ya maji. Tukakaa. Tishali zima likalipuka kwa kicheko.

"Angalieni bazungu weusi!"

"Karani, boyi wako wa kuleta bia iko wapi? Mutume na kwetu!"

Kabange alicheka mpaka akashika ubavu. Akaitikia wale watu kwa mkono, polepole, kama mke wa gavana. Nilimtazama nikasema moyoni, basi, hata safari ikiishia hapa, nimeshinda. Mto ulikuwa mpana, viboko wanapumua kando, hewa yenye harufu ya matope na samaki. Sijapata kuwa na furaha namna ile.

Siku ya pili alianza kuona kiu. Alikunywa kikombe, kisha kingine, kisha birika zima, na midomo ikabaki mikavu kama ya mtu aliyekula unga. Jioni maji hayakukaa tena tumboni. Homa ikapanda. Muuguzi wa meli akampa kwinini, akasema ni malaria, yatapita. Siku ya tatu tukaingia ziwa Kisale, na huko mafunjo yalikuwa yamefunga njia. Kama hujaona, mafunjo ya Kisale huota juu ya maji yenyewe, na yanatembea. Jana palikuwa njia, leo ni kisiwa. Meli ikasimama. Wanaume wakashuka kwenye mitumbwi kuyakata kwa mapanga, mimi pia nikashuka, mikono yangu ya karani ikatoka malengelenge. Kila tulipokata, yalirudi.

Jioni ile Kabange aliniuliza kwa sauti ndogo, "Bwana yangu, nipe kifurushi. Sijaweka kitu tangu tulitoka."

Nikasema, "Iko chini kabisa kwa sanduku. Tutafungua kesho."

Unaona? Uongo wa pili. Na yeye akaniamini, akafumba macho.

Alfajiri ya siku ya nne niliinuka mkekani kutafuta maji ya moto jikoni kwa wapishi, nyuma ya tishali. Haikuwa usiku, nataka ieleweke, kulikuwa kumepambazuka. Lakini ukungu ulikuwa mzito, mweupe, magunia yaliyokuwa hatua kumi mbele sikuyaona. Watu walikuwa wamejifunika gubigubi, hakuna hata aliyekohoa. Nikapita katikati yao na birika mkononi. Mwisho wa tishali, pale tunapotekea maji, mwanamke alikuwa amesimama amenipa mgongo, anavuta ndoo kwa kamba.

Alivaa gauni la buluu lenye mbayuwayu weupe.

Nikakasirika, wallahi. Nilikesha nikimpepea, naye yuko huku kwenye baridi!

"Kabange! Nani alikuambia uamuke?"

Hakugeuka. Aliimwaga ile ndoo mtoni, akaitumbukiza tena. Upindo wa gauni ulikuwa unadondosha maji, tone, tone, juu ya bati.

"Rudi ku mukeka. Unataka ugonjwa ikuue?"

"Kikombe yangu iko wapi?" akauliza.

Sauti ilikuwa yake. Nakuapia, ilikuwa sauti ya Kabange. Na mimi, kwa ujinga wangu wa orodha, nikajibu, "Iko kwa sanduku. Namba tisa."

"Ile ni ya mudogo wangu," akasema. "Yangu iko wapi?"

Ungefanya nini wewe? Mimi nilisimama. Nilisikia birika likiniunguza paja kwa ubaridi wake. Akageuka. Kabange ana kovu juu ya nyusi ya kushoto, alianguka kisimani akiwa mtoto. Kovu hilo nalijua kuliko uso wangu mwenyewe. Uso ule ulikuwa uleule, macho, mdomo, hata lile pengo dogo la meno. Kovu halikuwapo. Ngozi juu ya nyusi ilikuwa laini kabisa, kama ya mtu ambaye hajawahi kuanguka popote.

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alikuwa amechoka.

"Shemeji," akasema, "minachoka kusimama."

Birika likaanguka. Nilikimbia, nikakanyaga watu, mmoja akanitukana mama yangu kwa Kibemba. Nikafika kwenye mkeka. Kabange alikuwa amelala palepale nilipomwacha, amefunikwa blanketi hadi kidevuni, anachemka kwa homa. Nikauvua ufunguo shingoni, nikafungua sanduku. Gauni la buluu lilikuwa juu, namba mbili ya orodha, limekunjwa kwa mikunjo yangu mwenyewe. Kavu.

Nikarudi nyuma. Ndiyo, nilirudi. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na ndoo, na kamba iliyolowa.

Nataka nikueleze nilichoamua pale, kwa sababu ndicho kitu pekee katika kisa hiki ambacho sikionei haya. Niliamua kwamba Kabange hatakufa kwenye tishali lile kwa ajili ya kifuniko cha sanduku. Nilikaa karibu naye, nikamwamsha, nikamwambia yote: kifurushi kiko chini ya kitanda Elisabethville, nilikitoa mimi, nilikudanganya jana, na sasa hivi nimemwona mkubwa wako.

Nilingoja anilaani.

"Ulimuacha ku nyumba? Tunakuja ku maji, kwa maji yenye alienda kuchota, na ulimuacha yeye ku nyumba?"

"Njo vile," nikakiri.

"Alikuwa na kasirani?"

"Hapana. Alisema anachoka kusimama."

Machozi yakamtoka, ya kwanza tangu homa ianze. "Hataki kunibeba niende naye," akasema. "Watu wanaogopa bure. Anaomba vitu vyake tu. Mupe kikombe. Mupe nguo. Mupe mahali ya kukaa." Akapumzika, halafu akasema neno lililonichoma. "Na umuandike. Mama alikuwa anatutaja babili siku zote. Pale ulichapa muke mumoja, ulimukataa mbele ya serikali."

Kikombe kilikuwa rahisi: nilitoa changu. Nguo, nilichukua gauni la mbayuwayu, gauni la picha yangu ya dirishani, nikapima upindo kwa vidole kuzunguka pande zote, nikaukata kwa kisu cha mpishi. Kiti pia kilikuwa rahisi. Nilitoa changu, nikakaa juu ya sanduku. Watu walikuwa wanaamka, wananiangalia. Mtu mmoja akasema, "Karani, boyi amekuja?" Hakuna aliyecheka sana.

Ilibaki karatasi.

Usinidharau. Wewe labda huoni kitu katika karatasi. Lakini kwangu mimi, kijana wa nyumba za vibarua wa reli, niliyejifunza herufi kwenye katoni, karatasi ile ilikuwa mwili wangu. Na ilikuwa na muhuri. Kuongeza neno chini ya muhuri wa serikali ni kughushi. Kwa hilo mtu anafungwa, anafukuzwa kazi, anarudishwa kijijini, na ile kadi anaisahau. Kila kituo askari alikuwa anasoma hati za wanaoshuka. Niliiweka magotini. Nilitoa kalamu, nikairudisha mfukoni. Nikamtazama Kabange, midomo imepasuka. Nikaitoa tena.

Niliandika chini ya muhuri, kwa mkono: *na Kyungu, dada mkubwa wa mke.* Tone la wino likaanguka juu ya neno "mke" likatanuka. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona karatasi iliyochafuka na sikuirarua.

Nikajaza kikombe maji, nikakiweka juu ya kile kiti, na kile kitambaa chini yake. Nikasema kwa sauti, watu wote wakisikia, "Shemeji Kyungu, karibu. Ukae. Nilikosa."

Mbuzi mmoja aliyekuwa amelala kando ya kiti akaamka, akasogea, akaenda kulala mbali. Tangu hapo mpaka Kabalo, tishali limejaa namna ile, watu wanalala wamekunjana, hakuna mtu aliyejaribu kukaa pale. Wala hakuna aliyeniuliza.

Kabange alikunywa nusu kikombe saa tatu, kikakaa tumboni. Adhuhuri akanywa kingine. Homa haikutoka palepale, sitadanganya; ilishuka jioni, ikarudi kidogo kesho yake, ikaisha. Mafunjo nayo yalifunguka mchana ule. Wapishi walisema ni upepo. Huenda ni upepo.

Siku zilizobaki tulikaa mbele ya maji, yeye kwenye kiti chake, mimi juu ya sanduku, na kile kiti kingine katikati yetu. Nilikuwa nahesabu vituo. Usiku nilitunga maneno ya kumwambia askari wa Kabalo, kwa Kifaransa, nikayarudia mpaka hayakuwa na kosa: *Bwana, nimeandika mwenyewe, mke wangu hana hatia.* Nilikuwa nimekwisha kukata shauri. Wanifunge. Sitalifuta jina lile.

Kabalo, kwenye ubao wa kushukia, askari alikuwa mtu mzima, mwenye mvi, wa kutocheka. Alimfungulia mizigo kila mtu. Zamu yangu ilipofika alichukua hati, akaifuata kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikitembea. Kidole kikafika kwenye muhuri. Kikashuka chini yake. Kikasimama kwenye doa la wino.

"Mwanaume mumoja," akasoma. "Banamuke babili."

Nikafungua mdomo. Kifaransa chote kikatoweka, hata neno moja halikubaki.

Askari akainua macho. Akanitazama mimi. Akamtazama Kabange. Halafu akatazama nyuma ya Kabange, kwa kichwa kilichoinama kidogo, kama unavyomtazama mtu.

"Moja, mbili, tatu," akasema. "Ni sawa. Lakini papa karani, na wewe, haya gani hii? Mupatie ule mama nguo ingine, ameloana mpaka ku magoti. Na ashike kamba, ubao iko na utelezi."

Akagonga muhuri wake juu ya mwandiko wangu, akaniita pembeni nipishe wengine.

Sikugeuka. Naapa sikugeuka, nilikaza shingo mpaka ikauma. Kabange ndiye aliyegeuka. Akanyoosha mkono nyuma, kama unavyomsaidia mtu anayevuka ubao, akatembea hivyo mpaka mchangani. Alipofika juu alikuwa anatabasamu, na hakuniambia kwa nini.

Tulirudi Elisabethville baada ya wiki mbili, viti vitatu safari hii, kimoja nilikinunua Kabalo, cha miti. Kifurushi nilikitoa chini ya kitanda kwa mikono yangu, nikakifuta vumbi. Nilikwenda kwa Papa Saidi na mabaki ya gauni kumwomba alishone upya. Akaliona lilivyokatwa, akacheka mpaka akavua miwani. "Sasa umekuwa bwana ya muke," akaniambia. "Zamani ulikuwa karani tu."

Mwezi uliofuata wakaguzi wa ile kadi walikuja. Mzungu mmoja na mwandishi wake. Waliona uma, waliona mashuka, wakafurahi. Halafu Mzungu akaitazama meza. "Mko wawili. Mbona vikombe vitatu?"

Kabange alinitazama. Kulikuwa na uongo wa namna kumi uliokuwa tayari, wote safi.

"Cha tatu ni cha shemeji yangu."

"Yuko wapi?"

"Alienda kuchota maji."

Mzungu akatazama mlango. Halafu mwandishi akaandika kitu, wakaondoka. Kadi sikuipata. Nilifikiri nitaumia, nikangoja maumivu yaje, hayakuja.

Wewe unayesoma, labda umeoa pacha, labda umeoa mtu mwenye desturi yake usiyoipenda. Nakuonya kwa moyo mmoja: kabla ya kutoa kitu kwenye sanduku la mwenzako, muulize ni cha nani. Usiseme hakimhusu mtu kwa sababu wewe hujamwona huyo mtu. Mimi nimemwona, asubuhi, kwa hatua tano, na sitaki wewe umwone.

Asubuhi nyingine kikombe cha buluu kinakuwa kimepungua. Nimewahi kupima kwa rula: upana wa kidole. Najua, ni joto. Elisabethville ni kavu. Siku hizi sipimi tena. Najaza vikombe vitatu kila jioni, na mimi ndiye ninayeviosha.